Kichwa Ambacho Kinyozi Hakukinyoa

Sauti anayoikumbuka ni ya mashine yake mwenyewe ya kunyoa, ikinguruma chumbani mkononi mwa mtu mwingine. Yeye alikuwa sebuleni, anatazama viatu vyake. Dawa za hospitali zilikuwa zimemnyonyoa mkewe nywele, fungu baada ya fungu, na siku iliyotangulia mke alimwambia, "Nimalizie zilizobaki, mume wangu. Si wewe ndiye fundi?"

Akajibu, "Kesho."

Kesho ilipofika, shemeji yake, dada wa mke, aliichukua mashine bila kumuuliza. Nywele hazikuwahi kuota tena. Mke alizikwa na kichwa kile alichonyolewa na mwingine.

Kazini kinyozi aliendelea kuchekesha. Wateja walimfuata zaidi kwa ulimi wake kuliko kwa mkasi. Nyumbani alikula amesimama, akalala kwenye kochi na viatu miguuni. Bintiye ndiye aliyemtafutia mshauri wa kwenye simu, mwanamke kijana anayesikiliza wafiwa akiwa mji mwingine.

"Hakujui, baba," binti alimwambia. "Wala hamtakutana sokoni."

Hilo ndilo lililomkubalisha. Basi kila Jumatano mchana alijifungia stoo ya saluni, kati ya makopo ya mafuta na taulo mbichi. Mwenzake wa kiti cha pili, kinyozi asiye na unywele hata mmoja, ambaye wote walimwita Kipara, aliambiwa kwamba anayeongea naye ni mteja wa jumla.

"Mteja gani hanunui?" Kipara alimtania. "Huyo anakuchumbia."

Huko stoo alizungumzia mpira na mvua. Mshauri alimwacha azunguke, kisha akamuuliza taratibu, "Na usingizi, baba, unakuja?" Wiki zikapita, naye akajikuta amevua viatu, amerudi kulala kitandani, upande wake uleule. Lakini habari ya nywele hakuigusa.

Aliigusa siku umeme ulipokatika. Saluni ilikuwa kimya, giza la stoo lilimficha uso, na maneno yakamtoka. Alipomaliza tu, umeme ukarudi. Spika ya saluni, ambayo hupiga muziki kutoka simu yake kwa bluetooth na ambayo siku hiyo alisahau kuitenganisha nayo, ikaamka na kuinyakua simu. Sauti ya mshauri ikatoweka sikioni mwake, ikaibukia upande wa pili wa ukuta, kubwa kama ya mnadani:

"Kwa hiyo mama alikuomba wewe umnyoe, na wewe ukamkwepa. Umelibeba peke yako muda wote huu. Baba? Upo?"

Alitoka mbio. Kipara alikuwa ameshachomoa waya wa spika. Mwalimu mstaafu alikaa ndani ya shuka la kunyolea, nusu ya kichwa imeisha, macho chini. Waliosubiri kwenye benchi walijifanya wanasoma simu zao.  Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ndiye mteja wa jumla?" Kipara aliuliza kwa upole.

Kinyozi aliinamisha kichwa kukubali.

"Kaka, kinyozi hajinyoi, na mke ni nafsi yako. Uliogopa kumuumiza, basi. Nani asingeogopa?"

"Hata mimi ningeogopa," mwalimu akasema. "Na mashine yenyewe sina."

Mtu mmoja akacheka kidogo. Wakamngoja naye acheke. Walikuwa wamemfungulia mlango. Kilichobaki ni kupita.

"Nenda, usimweke mtoto wa watu kwenye simu," Kipara alimwambia. "Nywele za mwalimu ni za kuhesabu, nitazimaliza."

Akarudi stoo, akaufunga mlango.

"Nakusikia sasa, baba," mshauri alisema. "Kumetokea nini?"

"Wamesikia. Wote."

"Pole sana. Unataka tuishie hapa leo?"

Kidole chake kilikaa juu ya alama nyekundu ya kukata simu. Kikakaa. Kisha akakiondoa.

"Hapana."

"Basi nikuulize. Mama alipokuomba, wewe ulihisi nini?"

Jibu alikuwa nalo. Kipara amempa sasa hivi, bure, jibu safi la huruma ambalo lisingemvunjia mtu heshima. Alifungua kinywa alitoe, likakwama. Aliinamia simu, mkono umeziba mdomo nusu, akasema, karibu asisikike:

"Nilimwonea aibu, vile alivyoonekana."