Mamluki Aliyeitwa Wanjugu

Sogeeni karibu, na mwenye kutaka kucheka acheke sasa, maana huko mbele kicheko kitamkauka mdomoni.

Minto, kitongoji kimoja huko ughaibuni, kuna mitaa ya nyumba zinazofanana mpaka mtu huingia kwa jirani na kuvua viatu kabla hajajua amepotea. Katika mojawapo aliishi bibi anayeitwa Wanjugu, aliyeletwa kutoka Nyandarua na binti yake muuguzi, Mama Chebet, ili amwangalie mjukuu zamu za hospitali zikizidi. Bibi huyu hakusoma hata darasa moja, lakini kwa uongo mtamu hakuna aliyemfikia. Wamama wa kanisa la Granville aliwaambia kwamba zamani alimnyoa simba sharubu, na simba akamshukuru.

Alikuwa na maumivu mawili. Ya kwanza ni ya goti la kulia, lililomtesa miaka kumi na mmoja, likialika kila akiinuka. Ya pili ni kwamba hakuwa amezaliwa.

Msinishangae. Kwa Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na wa pili jina la mama wa mama yake. Mtoto akipewa jina lako, umezaliwa upya. Usipokuwa na wa kuitwa jina lako, siku ukifa umezimika kama taa ya koroboi. Sasa Mama Chebet aliolewa na Mkalenjin, binti wa kwanza akapewa jina la kwao, Chebet, na wa pili hakuja. Kila Krismasi Wanjugu aliliuliza tumbo la binti yake, na kila Krismasi binti yake akamwambia, "Mama, kula chapati."

Likizo ya Julai, baridi ikiwa inauma, Chebet alipata gemu mpya. Ana miaka kumi na mitatu. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa yote, halafu anakujibu Kiingereza cha puani. Ile gemu ilikuwa ya Wagiriki wa kale: visiwa, nguzo nyeupe, mizeituni, wanaume wenye ngao na magoti wazi. Mchezaji alikuwa mamluki, mwanamke askari wa kukodiwa, anayempigania yeyote atakayemlipa. Alikuwa na nywele nyeusi tii na mabega ya mbeba magunia.

"Wanataka jina lake," Chebet alisema. "Shosho, nitamwita Wanjugu. Haya, nimekuzaa. Sasa umwache mama apumzike."

Mtoto alikuwa anatania. Shosho, yaani bibi yake, hakutania. Alivua kilemba, akajiburuta mpaka mbele ya runinga, akamfanyia yule mwanamke kama wazee wanavyomfanyia mtoto aliyepewa jina lao: akatema mate kidogo kifuani mwake mwenyewe, akatema kidogo kwenye kioo, akasema kwa Kikuyu, "Ishi mpaka uzeeke. Changu chote kiwe chako."

Hapo ndipo alipokosea. Baraka ya namna hiyo huitikiwa. Watu wa nyumbani hujibu "Thaai", yaani amani, wakimpokelea mtoto, na anayeitikia ndiye anayepokea. Chebet alikuwa ameenda kutafuta kitambaa cha kufuta mate, huku akinung'unika. Sebuleni hapakuwa na mtu mwingine. Wanjugu aliiona midomo ya mamluki ikifunguka, polepole, kama ya mtu anayejaribu neno geni.

"Thaai."

Akajiambia ni redio ya jirani.

Kesho yake aliinuka kitandani bila kushika ukuta. Goti lilikuwa kimya. Akalikunja, akalikunjua, akalipiga kofi, likanyamaza tu. Siku hiyo alipanda ngazi zote za stesheni ya Minto na kushuka, akapanda tena, mradi tu kulikuwa na watu wa kumtazama.

Nyumbani Chebet alikuwa amenuna. "Gemu imeharibika. Mtu wangu anachechemea."

Na kweli. Mamluki alikuwa akipanda mlima kuelekea hekaluni, akiburuta mguu wa kulia, mkono kiunoni. Wanjugu aliutambua ule mwendo kama mtu anavyotambua kanga yake kwenye kamba ya jirani. Akaenda kuchemsha chai. Goti zuri ni goti zuri.

Siku ya nne mamluki akaota mvi. Siku ya sita akang'oka meno mawili ya mbele, yale yale aliyoyapoteza Wanjugu zamani. Huku Wanjugu akawa mwepesi, mpaka akahisi kama upepo wa nje unaweza kumbeba. Alipika githeri, mahindi na maharagwe yake, bila chumvi kwa sababu hakukumbuka kuna kitu kinaitwa chumvi. Akaitazama picha ya marehemu mumewe ukutani, akamuuliza binti yake, "Huyu mwanaume wa masikio makubwa ni wa ukoo gani?"

Mama Chebet akaweka kikombe chini. "Mama, usinifanyie mchezo."

"Nakuuliza tu."

Mchana mmoja Chebet akiwa bafuni, Wanjugu alisikia mtu anaimba sebuleni. Padi ya kuchezea ilikuwa mezani, haijashikwa. Kwenye kioo, mamluki alikuwa amekaa juu ya jiwe chini ya mzeituni, mguu ameunyoosha, anamenya kitu kisichokuwepo kwa kisu. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisa, na ubeti wa pili akaukosea. Palepale anapoukosea Wanjugu tangu usichana, na hakuna mwingine duniani anayeukosea hapo. Wanjugu alifungua mdomo amsaidie. Wimbo haukuwepo. Alipapasa kichwani akakuta mahali pake pamefagiliwa.

Ijumaa ile alipelekwa Campbelltown, kwenye kliniki ya magoti, miadi iliyowekwa tangu mwaka jana. Dada wa mapokezi akamuuliza tarehe ya kuzaliwa.

"Januari moja," alijibu haraka, tarehe ile serikali huwagawia wote waliozaliwa bila karatasi.

"Na jina?"

Wanjugu akatabasamu. Akasubiri jina lije. Nyuma yake watu walikohoa, mashine ya kahawa ikaguna. Alilitafuta kwenye ulimi, akalitafuta kwenye mkoba. Binti yake akalitaja kwa niaba yake, naye akalisikia kama jina la mtu aliyekaa viti vya nyuma. Ndipo hofu ikamshika miguu, ile ile miguu mizima.

Kwenye treni ya kurudi aliukumbatia mkoba kwa mikono miwili. Alijua nani analo jina lake.

Alimkuta mamluki amesimama karibu kabisa na kioo, mvi zote, mgongo umepinda, anamngoja. Chebet alikuwa sakafuni, magoti kifuani. "Sijaiwasha, shosho," alisema, na kwa mara ya kwanza alisema Kiswahili. "Waya huu hapa." Aliuinua ule waya, ncha yake ilikuwa inaning'inia.

Wanjugu akakaa kwenye kigoda, wakatazamana.

"Nirudishie jina," alisema.

"Mimi ni wa kukodiwa," mamluki alijibu, kwa Kikuyu, kwa sauti inayopitia pengo la meno mawili. "Sifanyi kazi bure. Na nikikurudishia, mimi nitakuwa nani? Walinitengeneza mezani. Sina aliyenizaa."

Bibi huyu alikuwa ameuza viazi sokoni miaka thelathini, na hata bila jina, mdomo wa sokoni ulikuwa bado uko. "Nitakupa jina lingine, la mtu asiyelitumia. Wewe ubaki na goti bovu."

"Vyote au hakuna."

"Basi nusu ya goti."

Mamluki akageuza kichwa, akaanza kuimba. Kwenye wimbo mtu mmoja zaidi akapotea kichwani mwa Wanjugu, na hakujua hata ni nani.

"Vyote," akasema upesi. "Lete vyote."

Akachimba akilini kilichobaki, akamkuta dada yake, Gathoni, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka tisa, aliyekuwa akiwashinda mbio wavulana wa bonde zima, na ambaye hakuna mtoto hata mmoja aliyeitwa yeye. Akalitaja. Mamluki akalitafuna lile jina muda mrefu, kisha akatema mate kifuani mwake, na mara ya pili akatema kuelekea kioo.

"Changu chote kiwe chako."

Wanjugu akatazama goti lake, zuri, la kijana. Akalipapasa mara moja.

"Thaai," alisema, na Chebet pale sakafuni akaitikia pamoja naye.

Maumivu yalikuja kama mlango uliofungwa kwa kishindo. Alianguka kutoka kwenye kigoda akishika mguu, analia na kucheka. "Wanjugu," alisema. "Mimi ni Wanjugu. Na yule wa masikio ni mume wangu, Njenga, alikoroma kama ng'ombe." Chebet alichomeka waya, akatafuta mahali pa majina, akaandika herufi moja moja: Gathoni. Kwenye kioo mgongo ukanyooka, nywele zikawa nyeusi. Mamluki hakungoja padi. Alidondosha upanga kwenye nyasi, akakimbia kuteremka mlima mpaka akawa nukta, na nukta ikafika kwenye mwanga, na hakugeuka hata mara moja. Tangu siku hiyo gemu ina mlima, mizeituni na upanga uliolala. Mtu hayumo.

Blauzi ya Wanjugu ilibaki na doa kifuani, pale yalipotua mate ya mamluki, linanuka zeituni, na sabuni haijaliweza. Bado hajazaliwa. Bado anaushika ukuta akiinuka. Lakini mkimpeleka kliniki, dada wa mapokezi akimuuliza jina, analitaja, halafu kabla halijaandikwa analitaja tena, na mkono ameweka juu ya lile doa, amelifunika.