Dereva Aliyeombwa Makambako

Asubuhi ya Jumamosi ile nilimwandikia mjomba ujumbe ambao mpaka leo naurudia kichwani neno kwa neno: "Mjomba, nimekosa dereva. Bila dereva kazi ya saa kumi haitafanyika na masomo yangu yataishia hapo. Naomba uniangalizie huko Makambako." Niliusoma mara mbili kabla ya kuutuma. Haukuwa na kosa hata moja la sarufi.

Nilikuwa Njombe, chumbani kwangu, nimevaa makoti mawili. Mezani palikuwa na redio ya mawimbi mafupi, kompyuta, na waya wa USB ukiviunganisha. Utafiti wangu wa uzamili ulihusu kupeleka maandishi kwa redio mahali ambapo simu hukamata kwa kubahatisha. Kompyuta ilipaswa kubonyeza yenyewe kitufe cha kurusha na kuiita redio ya Manda, kando ya Ziwa Nyasa, ambako mwanafunzi mwenzangu angejibu. Mara ya kwanza, mbele ya wasimamizi wangu, jaribio lilishindikana, na katika kuhangaika nikaangusha kipaza sauti. Walinipa Jumamosi hiyo, saa kumi, kuwa nafasi ya mwisho: jioni wayaone maandishi ya Manda, la sivyo nitafute mada nyingine.

Sasa kompyuta ilikuwa imejisasisha bila kuniuliza, na penye jina la waya ilisimama alama ya mshangao ya njano: kifaa hakiwezi kuanza. Nilichomoa, nikachomeka tundu jingine, nikazima na kuwasha. Alama haikuondoka. Ndipo nilipoelewa. Chipu iliyo ndani ya waya wangu ilikuwa bandia, na dereva mpya, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na waya, imetengenezwa izikatae chipu bandia. Dereva ya zamani, isiyobagua, ilikuwa kwenye CD iliyokuja na waya, na boksi lake nililiacha kwa mjomba siku nilipopita Makambako. Hiyo ndiyo niliyodhani nimeiomba.

Saa nane honi ililia nje. Mwanamume mwenye kofia ya sufu alikuwa ameegemea pikapu.

"Kamwene, dada. Wewe ndiye uliyekosa dereva?"

"Kamwene. Dereva... wa nini?"

"Wa gari! Kwani kuna wa cherehani? Mjomba wako kaniambia masomo yanakufa. Nimeacha ugali mezani."

Nilihisi damu ikinipanda usoni. Ningeandika *kiendeshi*, neno la kamusi, haya yasingetokea. Ningeandika hata *dereva ya*, herufi mbili tu zingeniokoa.

"Kaka, samahani sana. Nilihitaji dereva ya kompyuta."

"*Ya*?" Alinitazama kama niliyemtukana. "Mimi ni dereva *wa*, dada. Miaka yote."

Nilimpigia mjomba. "CD?" akauliza. "Ile inayong'aa? Iko kazini."

"Kazini wapi, mjomba?"

"Bustanini. Inafukuza ndege kwenye njegere zangu. Inafanya vizuri kweli."

Nilitazama saa. Kwenda Makambako kulitosha. Kwenda na kurudi, hapana. Lakini redio haijali iko mji gani, mradi ipate umeme na waya wa antena. Nikaifunga kwenye blanketi, nikachukua kompyuta na nyaya zote, nikapanda pikapu.

Ukungu ulikuwa umeshuka tena barabarani, na mbele yetu lori la mbao lilipanda mlima kwa kujikokota. Je, kama CD imekwaruzika? Je, kama jua limeibabua? Je, kama mjomba amekosea, na ile ya bustanini ni ya nyimbo za kwaya?

"Dada, unaongea peke yako."

"Nafikiri tu."

"Fikiri kimya basi, unanitia wasiwasi na mimi."

Mjomba alitungojea mlangoni, CD ikining'inia kwenye uzi, akiisugua kwa sweta.

"Usisugue kwa kuzungusha, mjomba! Toka katikati kwenda nje!"

"Haya, mwalimu."

Duka la steshenari jirani lilikuwa na kompyuta nzee yenye mlango wa CD. Nilichomeka flashi ili niinakili dereva; mstari wa kunakili ulisogea, ukafika zaidi ya nusu, ukaganda. Mashine ilikoroma.

"Ndege wameidonoa," mjomba alinong'ona.

Kisha mstari ukajongea hadi mwisho.

Dereva alifunga waya wa antena kutoka kwenye paa la duka hadi kwenye mti wa mbele, huku mimi nikizima intaneti ili ile programu mpya isijirudishe. Niliifuta, nikachagua ya zamani kwa mkono. Alama ya njano ikatoweka.

Saa kumi niliiamuru kompyuta iite Manda. Taa nyekundu ya redio iliwaka, ikazimika. Kimya, mvumo mtupu. Kompyuta iliita tena. Mjomba alivua kofia. Ndipo herufi zikaanza kujitokeza moja moja: MANDA HAPA. NAKUPATA. TAJA ULIPO.

Niliandika: MAKAMBAKO. NIMELETWA NA DEREVA.

Dereva aliinama juu ya bega langu. "Malizia, dada. *Wa* Makambako. Wasije wakadhani ni ile ya njegere."

Nikaongeza maneno hayo, nikatuma. Maandishi yote, na hayo yakiwemo, niliwapelekea wasimamizi jioni ile. Waliikubali mada iendelee. Mmoja wao tu aliuliza dereva anahusikaje na mawimbi mafupi.