Uwatu Wangu, Kapsuli za Wifi

Nauza sidiria za mitumba katika soko la Kakamega mjini, na kazi hiyo imenifanya nisikie habari za vifua vya wanawake kuliko hata muuguzi. Mteja akishaona hapana mwanamume karibu, huinamia meza akaniambia yaliyo moyoni. Mmoja amenyonyesha watoto watatu, na sasa anasema kifua chake kimelala kama soksi zilizovuliwa. Mwingine tangu aolewe mashemeji zake wamezoea kumwita ubao, kwa mzaha, na yeye hucheka nao kisha analia akiwa peke yake. Mimi huwatafutia sidiria yenye sponji, nikawapimia juu ya blauzi, wakaenda zao.

Kwa hiyo mwanamke mmoja anayeuza bidhaa za mitishamba kwa njia ya simu alipofika mezani kwangu, hakuhitaji maneno mengi. Alisema wateja ninao tayari, kilichokosekana ni dawa. Akatoa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa pakiti ya unga wa uwatu, ile mbegu chungu ambayo Wahindi wa madukani huiita methi. Cha pili kilikuwa chupa nyeupe ya kapsuli, yenye picha ya ua jekundu na maandishi ya kuahidi kifua kilichojaa bila kisu cha daktari. Nikamuuliza ndani ya kapsuli mna nini. Akasema mizizi. Nikauliza mizizi ya mti gani. Akasema inatoka mbali, na kwamba kitu cha asili hakimdhuru mtu.

Jibu hilo halikunikaa vizuri. Nilikulia kando ya msitu, na mama alitukataza mimea mingi kuliko ile aliyotuonyesha. Nikamwambia aniachie vyote viwili nijaribu kwanza, ndipo nitajua kama nitamuuzia mtu. Sababu nyingine sikumwambia: tangu nimwachishe ziwa kitinda mimba wangu, nilikuwa nikivaa nguo haraka haraka ili nisijitazame kwenye kioo.

Jumapili hiyo wifi yangu, dada ya mume wangu, alikuja kutusalimia nyumbani Shirere. Yeye anasuka nywele katika saluni moja kule Shieywe. Ana binti mmoja, ambaye sasa ni mkubwa wa kujipikia, na mtoto wa pili walimngoja na mumewe mpaka hata watu wa nyumbani wakaacha kuuliza. Alipoiona ile chupa mezani akaigeuza geuza, akasoma, akatabasamu.

"Wifi, wewe kunywa uji wako wa uwatu," akasema. "Mimi hii nitakusaidia kuijaribu."

Nilimwonyesha kwamba chupa haisemi imetengenezwa wapi wala imetiwa nini. Akasema mimi nilizaliwa mzee. Tukakubaliana tu kwamba lolote litakalotokea tutaambiana, akaitia mkobani.

Nilianza kutia uwatu kwenye uji wa asubuhi, kijiko kilichojaa, wakati mwingine viwili kwa kuwa na haraka ya matokeo. Uchungu wake niliuzoea. Sikuzoea kujaa gesi, wala ile njaa ya kutetemesha iliyonikamata kabla ya saa sita mchana, hata nikalazimika kuketi juu ya mzigo wa mitumba na kuomba jirani anipe soda. Jambo jingine nililigundua kupitia kwa mume wangu. Yeye ni dereva wa trekta ya miwa huko Kabras, na harufu ya sukari inayochemka anaijua kuliko ya sabuni. Jioni moja tulipokuwa tukila, akaninusa begani.

"Siku hizi unanukanga sukari nguru," akasema. "Umepata kazi kiwandani na hujaniambia?"

Ilikuwa kweli. Jasho langu lilikuwa na utamu wa sukari iliyoungua, na mito yetu ilinuka vivyo hivyo. Nikamweleza yote, uwatu na sababu yake. Akakata tonge, akalishika tu mkononi.

"Mimi nililalamika lini?"

Hakuwa amelalamika hata mara moja. Nilifikiria hilo nikiosha vyombo. Nilitafuta mtu aliyewahi kunisema kuhusu kifua changu, nikajikuta nimebaki mimi na kioo. Hata hivyo niliendelea na uwatu, na utepe wa kupimia ukaendelea kuniambia habari ileile ya mwanzo.

Wifi yeye alikuwa na habari njema. Kwanza alinipigia simu kusema sidiria zinambana. Baadaye akaja mwenyewe sokoni kutafuta kubwa zaidi. Nikampima, nikarudia, na kweli alikuwa ameongezeka. Sitaficha kwamba nilimwonea wivu. Wateja waliokuwa karibu walisikia, wakataka kujua dawa yenyewe ni ipi, na yule muuzaji naye alikuwa ameshanitumia ujumbe kwamba katoni iko tayari. Biashara ilikuwa imejileta yenyewe. Lakini wifi alikuwa ameketi ukingoni mwa meza, mkono kinywani, akisema harufu ya mafuta ya nywele imemshinda tangu wiki iliyopita na kwamba matiti yanauma akiguswa tu. Kwake yote hayo yalionyesha kwamba dawa inafanya kazi. Nikamwomba atoe ile chupa, nikamwachia jirani meza yangu, nikamshika wifi mkono mpaka kwenye duka la dawa.

Mfamasia alikuwa mama wa makamo. Alivaa miwani, akaigeuza chupa pande zote, akaiweka chini. Alitueleza kwamba hajui mmea wowote uliothibitishwa kukuza matiti. Ipo mimea inayoiga homoni za kike kidogo, na zipo chupa ambazo watu hutia homoni halisi bila kuandika, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Uwatu wangu, alisema, kama kiungo cha chakula hauna neno kwa watu wengi, lakini ukiula kwa vijiko unashusha sukari mwilini, na mtu anayetumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda asiuguse kabla ya kuuliza. Ndipo nikaielewa ile njaa yangu. Kisha akamgeukia wifi, akamuuliza kwa sauti ya chini lini aliona siku zake mara ya mwisho.

Wifi alianza kuhesabu, akaacha. Akasema kwake zimekuwa zikiruka ruka kwa miaka, hajali tena. Mfamasia akampa kipimo, akamwonyesha mlango wa choo. Aliporudi alikuwa amekishika kile kipimo kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa mpaka juu. Mistari miwili. Nilimkumbatia, lakini yeye alikuwa anaitazama chupa juu ya kaunta.

"Sasa nimemlisha mtoto nini?" akauliza.

"Hatujui," mfamasia akasema. "Kwa hiyo unaacha leo, na unakwenda kliniki na chupa hii mkononi. Usiwafiche kitu."

Alikwenda siku hiyohiyo. Walimpokea vizuri, wakaandika, ila hata wao hawakuweza kumwambia kapsuli zilikuwa na nini, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu ya miezi iliyofuata. Kila alipopigwa picha ya tumbo nilikuwa naye. Alikuwa akiuliza kuhusu vidole, moyo, uti wa mgongo, na akiambiwa viko sawa anauliza tena.

Uwatu niliuacha, uliobaki nikautia kwenye mchuzi. Muuzaji nilimwambia sitachukua katoni. Alisema ni bahati mbaya tu kwamba wifi aliitumia akiwa na mimba, dawa haina kosa. Nikamwambia alete chupa inayosema imetengenezwa na nani na ina nini, tutampelekea mfamasia pamoja. Hajaileta, ingawa tukikutana husalimiana vizuri. Na mteja akiniuliza kuhusu dawa, namwelekeza dukani kwa yule mama kabla hajanunua chochote cha mtu wa simu.

Mtoto alizaliwa mahindi yakiwa yanaanza kubeba, msichana mzima, mwenye sauti. Mama mkwe wangu alikuja na ingokho aliyemchinja mwenyewe, na chupa ya majani aliyoyachemsha ili maziwa yashuke. Wifi alimshukuru kwa kuku. Kuhusu majani akasema, "Mama, niachie kwanza nimuulize muuguzi." Nilidhani mama atanuna. Aliitazama ile chupa, akakaza kifuniko, akaiweka dirishani, akamchukua mjukuu ili wifi apate kula supu ingali moto.