Video ya Taa za Breki

Kaka yangu mkubwa hajawahi kuniandikia ujumbe mfupi maishani mwake. Akikasirika anarekodi sauti, dakika nne, dakika tano, kisha anaituma kwenye kundi la familia ili kila mtu apate mgao wake. Ndivyo nilivyojua, nikiwa Ruangwa nasahihisha madaftari ya darasa la tano, kwamba nusura amgonge baba kwa nyuma. Walikuwa wanatoka shambani Chinongwe, baba mbele na pikapu yake, kaka nyuma na gari lake. Walipofika kwenye matuta, pikapu ikapunguza mwendo na taa za breki zisiwake hata moja. Kaka alikanyaga breki kwa nguvu hivi kwamba gunia la ufuta lililokuwa kiti cha nyuma likaja kukaa naye mbele.

Penye wengi pana mengi. Kufika alasiri kundi zima lilikuwa limeshaamua: gari limezeeka, mwenyewe amezeeka, liuzwe. Mimi peke yangu nilikataa, na nilikataa kwa hasira, maana ndugu zangu nawajua, wakishaamua jambo huwa hawafikirii tena. Baba alikuwa dereva wa lori la ushirika tangu kabla sijazaliwa. Kule kwetu Mtua mama akishikwa na uchungu, au mtoto akizidiwa na homa, watu hawaulizani gari litapatikana wapi. Wanakuja kwa baba, naye anatafuta ufunguo huku anavaa kofia. Umnyang'anye pikapu halafu akae barazani ahesabu kuku?

Nikaandika kwamba tatizo ni taa, siyo baba. Kaka akajibu kwa sauti, safari hii fupi mno. Nimtumie video inayoonyesha baba amekaa kwenye usukani, amekanyaga breki na taa zinawaka, hapo atanyamaza. Isipofika hadi Jumapili, anakuja kuchukua ufunguo.

Nikasema kumbe kazi yenyewe ndiyo hii.

Jumamosi asubuhi nilishuka stendi ya Nachingwea nikamkuta baba ananisubiri, kanzu imepigwa pasi, kubazi miguuni. Tukasalimiana kwa Kimwera, tukaingia garini. Njia nzima kuelekea kwa fundi nilimkagua kama mkaguzi wa shule, na kwa kweli sikuona kasoro. Alishusha gia mapema, injini ikanguruma, gari likapunguza mwendo lenyewe, na ilipobaki kidogo lisimame akavuta breki ya mkono. Nikamwuliza mbona hakanyagi. Akasema gari linaendeshwa kwa gia, breki ni ya watu wenye haraka. Lori lililojaa korosho ukilishusha mlimani kwa kukanyaga breki tu, litakutangulia kufika bondeni.

Nilifurahi kusikia hivyo. Kumbe mzee hatumii breki kwa sababu ni bingwa! Nikaanza kutunga kichwani maneno ya kumpelekea kaka, na mengine yalikuwa makali kuliko ilivyopasa.

Fundi umeme wa magari anafanyia kazi chini ya mabati manne nyuma ya soko. Ni mtu wa makamo, hana msaidizi, ila ana ubao mfupi anaouita msaidizi. Anaubana kati ya kiti na pedali ya breki, nao unakanyaga kutwa nzima bila kuomba chai. Akaubana, akazunguka nyuma. Giza kushoto, giza kulia. Akatabasamu, maana fundi hupenda tatizo linalojionyesha.

Akafungua vioo vya taa kwa bisibisi, akatoa balbu ya kushoto na kuiinua kwenye mwanga. Utambi ulikuwa umekatika. Ya kulia ilikuwa nzima, lakini soketi yake ilikuwa imeota kutu ya kijani, akaisugua kwa msasa mpaka shaba ikaonekana. Fyuzi akaipima, haina neno. Kisha akaingia chini ya usukani, kichwa ndani miguu nje, akaishika swichi ndogo iliyo juu ya pedali, ile inayoziruhusu taa kuwaka pedali ikishuka. Ilikuwa imelegea, akaikaza. Akaweka balbu mpya, akarudisha ile nzima, akaubana ubao wake tena. Nyuma ya pikapu pakawaka nyekundu mbili safi kabisa.

Nilipiga makofi. Nikamwambia baba akae kwenye usukani, nikasimama nyuma na simu, nikahakikisha namba ya gari inaonekana na kofia yake inaonekana. Nikajifanya mtangazaji wa mpira: ndugu zangu mlioko kote, mzee wenu huyu hapa, sasa tulizeni macho.

"Baba, kanyaga."

"Nimekanyaga."

Giza.

Nikafuta ile video. Fundi akaja mbele, akaingiza mkono, akasukuma pedali, taa zikawaka. Akarudi nyuma. Nikaanza kutangaza upya, safari hii kwa kifupi. Baba akasema amekanyaga. Giza. Fundi akatikisa nyaya, akakagua soketi, akakaza swichi ambayo alikwisha kuikaza, akasukuma pedali kwa mkono wake, taa zikawaka. Video ya tatu, baba amekanyaga, giza vilevile.

Hapo nikapandwa na mori. Nilimwambia fundi maneno ambayo kwa sababu yake mpaka leo nikipita pale lazima nisimame nimsalimie mara mbili. Nilimwuliza kama ufundi amejifunzia kwenye baiskeli. Nilimwuliza taa gani hizi zinazomjua aliyekanyaga. Yeye alifuta mikono kwa kitambaa taratibu, akatazama kule mbele alikokaa baba, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nipe mimi simu. Wewe nenda mlangoni ukaangalie."

Nikaenda nikiwa bado nafoka. Nikafungua mlango wa dereva, nikamwambia baba akanyage tena.

Mguu wake wa kulia ulikuwa sakafuni, kando ya pedali. Kubazi lilikuwa limekandamiza zulia la gari kwa nguvu zote, mpaka goti linatetemeka. Usoni alikuwa ametulia kabisa, anatazama mbele, na mikono yake iko kwenye usukani pale anapoiweka siku zote.

"Si nimekanyaga?" akaniuliza.

Baba ana ugonjwa wa sukari miaka mingi. Tulijua kuhusu macho yake, tulijua kwamba vidole vya miguu vinakufa ganzi, akitueleza anacheka anasema angalau hachomwi na miiba. Hatukujua kwamba ganzi imepanda kiasi hicho. Nikaelewa zile gia, nikaelewa ile breki ya mkono. Niliogopa, na palepale, katikati ya ule woga, nikamwona kaka anashuka kwenye gari lake siku ya Jumapili, ameshanyoosha mkono kudai ufunguo.

Niliinama, nikaweka kiganja changu juu ya pedali, nikaisukuma mpaka chini.

"Zimewaka zote mbili," fundi akasema kutoka nyuma. "Na mzee anaonekana vizuri."

Nilipoinua kichwa nikamkuta baba anautazama mkono wangu. Kisha akautazama mguu wake. Akaushika kwa mikono miwili chini ya goti, akauinua, akauweka juu ya pedali. Akausukuma. Sijui kama aliona tofauti yoyote. Nami nilibaki nimeinama, nimeshindwa hata kuuondoa mkono, nikamwambia kwa kunong'ona kwamba video tumeshaipata, ni nzuri, kaka hatakuwa na la kusema.

"Na barabarani, mwanangu, nani atanikanyagia?"

Machozi yalinitoka pale pale mbele ya fundi na mbele ya mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni la nyanya, wala sikuona haya.

Nikamwuliza siku ile ya matuta alisimamaje. Akasema hajui vizuri. Alivuta breki ya mkono, gari likasimama, akamshukuru Mungu, akatazama kioo akamwona kaka yuko karibu mno. Tangu hapo alikuwa anataka kusema, ila kila akifungua mdomo anaona sura ya mtu fulani wa kijijini anayeweza kuja kugonga mlango usiku. Yule mama mjamzito wa nyumba ya tatu, alisema, mwezi wake ni huu.

Fundi alikuja akanirudishia simu, akaenda kukaa na msaidizi wake wa ubao. Video ilikuwa nzuri kweli. Ina sekunde tisa, namba ya gari inaonekana, kofia inaonekana, taa zinawaka na kubaki zimewaka, na mimi sionekani popote. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kutuma.

Baba akazima gari, akachomoa ufunguo. Akasogea mwenyewe, taratibu, akivuta mguu kwa mkono kuuvusha juu ya gia, mpaka akafika kiti cha kushoto. Akafunga mkanda. Ufunguo akauacha kwenye kiti alichotoka.

"Mwandikie kaka yako kwamba taa zimepona," akasema. Kisha akavua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. "Na huu mguu mwandikie. Usinifichie."

Nikaandika yote mawili, nikatuma, nikapanda upande wake wa usukani.