Sauti Ndani ya Sponji

Wateja wote walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Ndilo jina walilosikia watoto wa kaka yake wakimwita pale karakanani, nalo likaganda. Kazi yake ilikuwa kushona viti vya boti. Karakana yenyewe ilikuwa ya kaka, banda refu la mabati lililofungua mlango kwenye maji, pale mto unapotanuka kama sinia kabla ya kuingia ziwani. Maji tele, kina hakuna. Mtu mzima angeweza kutembea hadi katikati na asilowe kiuno.

Maji mafupi yana boti zake. Kaka alizipokea zikiwa bapa na tupu kama trei ya mikate, kisha akazivika, kama alivyopenda kusema. Sakafuni alitandika mpira ili kiatu kisigonge. Betri aliileta katikati ili mkia usizame. Nyuma alifunga mota ndogo ya umeme isiyo na ngurumo, na ubavuni akaweka vishikizo vya pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti maji yanapokuwa ya magotini. Shangazi alimalizia kwa viti: sponji ngumu, turubai juu, uzi usiooza.

Kaka alikuwa mtu wa maneno machache, kiasi kwamba watu walisema anasalimia kwa nyusi. Lakini kuhusu kelele alikuwa na hotuba nzima. "Samaki wa maji marefu akisikia kishindo anashuka chini," angesema. "Huyu wetu ashuke wapi? Anakimbia." Kwa hiyo boti iliyotoka mikononi mwake haikuwa na kitu kinachogonga, kinacholia wala kinachoimba. Ndani ya karakana pia hapakuwa na redio. Mafundi wa jirani walifanya kazi na muziki kutwa nzima, kwa kaka ilisikika nyundo tu.

Jambo hilo lilimchoma Shangazi, ingawa hakuwahi kulisema. Katika usichana wake alikuwa mwimbaji wa bendi kwenye ukumbi wa dansi karibu na stendi. Walirekodi kaseti moja, ikauzwauzwa kwenye mabasi, kisha ukumbi ukafungwa na bendi ikasambaratika kama shanga zilizokatika uzi. Mwaka uleule ndoa nayo ikamshinda. Alirudi nyumbani na sanduku moja. Kaka hakumuuliza lolote. Alimwonyesha pembe ya karakana, akamwekea cherehani, akasema, "Hapa pana mwanga." Ulikuwa wema mkubwa, Shangazi alijua. Ila alijua pia kwamba kaka hakuwahi hata siku moja kukanyaga ule ukumbi, na wakati mwingine, akipitisha sindano kwenye turubai, jambo hilo lilimrudia. Aliimba kwa sauti ndogo cherehani ilipokuwa inavuma, na cherehani ilipokoma naye alikoma.

Basi akaja Dereva. Alikuwa mzee mcheshi aliyestaafu malori ya masafa marefu, na sasa alitaka kuvua. Alileta boti mpya kabisa, akazunguka nayo akimwonyesha kaka.

"Nataka mota hapa, kiti hapa, na spika mbili, hapa na hapa."

"Mota nafunga," kaka akasema. "Kiti utashonewa. Spika sifungi."

"Fundi, mimi nimezoea. Njiani nilikuwa peke yangu, muziki ndio ulikuwa utingo wangu. Nikikaa kimya mgongo unaanza kuuma."

"Basi hujaja kuvua. Umekuja kutibiwa."

Dereva alicheka, lakini alipofika kwenye pembe ya Shangazi kuchagua rangi ya turubai, uso ulikuwa umemshuka. Shangazi alimpima mgongo na mapaja kwa utepe, huku akifikiri. Alikumbuka mpiga ngoma wa bendi yao, jinsi alivyoweka ngoma yake juu ya godoro kuukuu kwenye chumba chao cha mazoezi ghorofani, kwa sababu wapangaji wa chini walilalamika kwamba dari inatetemeka. Hawakulalamikia wimbo. Walilalamikia sakafu.

Siku kaka alipokwenda mjini kununua riveti, Shangazi alichimba mashimo mawili kwenye sponji ya mgongo wa kiti, akazika humo spika ndogo, akazifunika kwa kitambaa chenye vitundu. Hazikugusa boti popote. Waya aliupitisha ndani ya mshono, tayari kwa redio kaseti ya Dereva.

Siri haikudumu. Dereva alirudi na samaki wazuri, akajisifu hadi kwa wauza chambo kwamba amewavua huku muziki ukilia. Kaka akaja pembeni kwa mdogo wake, akasimama mbele ya cherehani.

"Umeweka spika."

"Nimeweka."

"Kwenye boti yangu."

"Boti yako, kaka. Kiti changu."

Kaka akaondoka. Baada ya hapo hawakusemeshana, na kazi yote ikamwangukia mke wa kaka. "Wifi," angesema, "kaka yako anasema sponji ya boti ya kijani iko wapi." Shangazi angejibu, "Mwambie iko nyuma yake." Na kaka yuko hatua chache tu kutoka pale, anasikia kila neno. Mwishowe wifi akaweka sinia la chai katikati ya banda. "Mimi siyo posta," akasema. "Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Ninyi endeleeni kununiana, wateja wataenda kwa jirani."

Huenda hilo ndilo lililomsukuma kaka. Asubuhi iliyofuata alimwambia Dereva kwamba anataka kwenda naye majini, akaone mwenyewe samaki wanaopenda muziki.

Walirudi mchana. Shangazi aliwaona kupitia mlangoni. Kaka alifunga kamba, akapita mbele yake, akatoka kwa mlango wa nyuma. Dereva akaja akikuna kichwa.

"Mmepata?" Shangazi akamuuliza.

"Hatujatupa hata ndoano. Nilimwekea kaseti yangu ya zamani, niliyoinunua stendi enzi za lori, ya bendi moja iliyokuwa na mwimbaji mwanamke. Wimbo wa pili ulipoisha akaniambia, rudisha. Nikarudisha. Ukaisha, akasema tena, rudisha. Tumekwenda hivyo hadi betri ikachoka." Dereva akamtazama kwa namna mpya. "Nikamuuliza, fundi, kulikoni? Ndipo akaniambia, huyo ni mdogo wangu."

Shangazi alishika turubai kwa mikono miwili. Kaseti yake mwenyewe ilipotea zamani, kwenye kuhamahama.

Alimkuta kaka nyuma ya banda, amekaa kwenye ukingo wa boti iliyopinduliwa, anasugua kutu kwenye boliti isiyo na kutu. Akakaa karibu naye. Alikuwa na neno la miaka mingi kooni, akaona bora litoke.

"Hukuwahi kuja ukumbini, kaka. Hata mara moja."

"Nilikuja."

"Lini?"

"Nilisimama dirishani, upande wa jikoni. Nilikuwa natoka majini, nanuka samaki. Ningeingia ningekuaibisha mbele ya watu wako."

"Mara moja?"

Kaka aliigeuza ile boliti. "Si mara moja."

Kisha yeye, mtu wa nyusi, akasema maneno mengi kuliko kawaida yake. "Uliporudi nyumbani ulikuwa umekonda. Redio ya jirani ikipigwa unatoka nje. Nikaizima ya humu, nikaiuza. Kwenye boti ni sababu ya samaki, hilo sibadilishi. Humu ndani ilikuwa sababu yako."

Shangazi hakukumbuka kutoka nje. Au alikumbuka kidogo. Miaka yote ile alidhani kimya cha karakana ni dharau, na kaka naye alidhani anampa dawa. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Jumapili hiyo kaka alimpandisha kwenye boti. Shangazi alikuwa ameshona viti visivyo na idadi na hajawahi kukalia hata kimoja majini. Kaka alisimama nyuma akisukuma kwa pondo, bila mota, hadi mahali ambapo mchanga wa chini ulionekana wazi kama viganja vya mkono.

"Imba basi," akasema. "Leo sivui."

Shangazi akafungua mdomo, kisha akaufunga. Chini ya boti maji yalikuwa yanalamba, majani marefu yakikwaruza ubavu taratibu, na kule mbele, kitu kama makofi ya mtoto, mikia ya samaki ikigeuka kwenye maji ya kifundo cha mguu. Alikuwa hajawahi kusikia vitu hivyo. Alimwelewa kaka yake ghafla, hotuba yote.

"Ngoja kwanza," akanong'ona.

Wakangoja mpaka jua likawa kali. Wakati wa kurudi, karibu na ukingo, ndipo alipoimba ule wimbo wa pili. Sauti ilikuwa imekwaruka, na ubeti wa tatu ulimtoka kabisa. Kaka akaudaka, sauti ikienda upande, lakini neno kwa neno.

Redio ilirudi karakanani wiki ile, na wifi ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheza. Viti vya spika vikapata wateja. Kaka alivifunga huku akinung'unika, na yeye na Dereva waliendelea kubishana juu ya jambo hilo kila walipokutana, wala hawakufikia mwafaka hadi kaka alipofariki.

Sasa karakana inaendeshwa na binti wa kaka. Boti zinakuja zikiwa za faiba, spika zimefungwa kiwandani kwenye ubavu wenyewe. Shangazi, ambaye macho yake hayaoni tena tundu la sindano, hukaa mlangoni akizitazama zikipita na ngurumo zao.

"Hao wanakwenda kutembea," husema. "Hawaendi kuvua."

Na binti huacha nyundo, akacheka, akamwambia amekuwa kama baba kabisa.