Kuchuchumaa Tena

Jimu kubwa yenye matawi Arusha, Dodoma na Dar es Salaam ilipofungua tawi Babati, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mimi nilikuwa fundi cherehani ng'ambo ya barabara. Kabla hawajaanza kupokea watu waliniletea suruali za sare nizipunguze urefu. Msichana wa mapokezi alipokuja kuzichukua, aliniona nikiinuka kwa kushika meza, mguu wa kulia nimeunyoosha mbele.

"Mama, njoo ujiunge," alisema. "Wanachama wapya wanafundishwa taratibu tu."

Nilicheka nikamwambia jimu ni ya vijana wanaotaka vifua. Ila alipoondoka nilizitazama zile ngazi zao kwa muda mrefu.

Mwaka uliotangulia bodaboda iliniangusha kule Singe, nikavunjika chini kidogo ya goti. Mfupa uliunga, plasta ikatolewa, na hospitali wakaniambia nifanye mazoezi ya kukunja mguu. Nilijaribu, maumivu yakanizidi, nikaacha. Goti likagoma pale lilipofikia: linakunjika kiasi cha kukaa kwenye kiti, basi. Mjini halikunisumbua sana. Cherehani yangu ni ya umeme, na nyumba tuliyopanga ina choo cha kukaa.

Shida ilikuwa kijijini Sigino, kwa mama yangu. Choo chake ni cha shimo, safi kuliko vyoo vingi vya mjini, lakini ni cha kuchuchumaa. Tangu nivunjike nilikuwa nafika kwake asubuhi na kuondoka kabla ya mchana. Akinipa chai nasema nimetoka kunywa. Akitandika kitanda nasema nguo za watu zinanisubiri. Maziwa aliyoniwekea kwenye kibuyu nilikuwa naomba anifungashie niende nayo.

Mama alivumilia, mwisho akasema. Alikuwa anapepeta mbaazi, wala hakuinua uso. "Nyumba ya mama yako imekuwa chafu kwako," alisema kwa kile Kiswahili chake kizito cha Kimbulu. "Sema tu. Umekuwa mtu wa mjini."

"Hapana, mama."

"Basi lala."

Sikuweza kulala, na sikuweza kumwambia kwa nini. Mwanamke mzima, nina watoto wanaosoma sekondari, nianze kumweleza mama mambo ya choo? Niliondoka nikiwa nimebanwa na machozi. Kesho yake nikavuka barabara, nikapanda zile ngazi kwa kushika ukuta, nikajiunga.

Walinipiga picha, wakachukua alama ya kidole, kisha wakatukusanya wanachama wapya mbele ya vioo. Vioo ukuta mzima! Sijawahi kujiona mwili wote hivyo. Nilivaa suruali ya michezo na juu yake nikajifunga khanga. Pembeni yangu alisimama mama mmoja anayeuza maharage sokoni, mwenyeji wa Mbulu, naye kajifunga kitenge vilevile. Tulipoonana tukashusha pumzi wote wawili.

Kocha, kijana mpole mwenye filimbi shingoni, alituuliza mmoja mmoja tunataka nini. Vijana wakasema vifua. Mimi nikasema, "Kupunguza tumbo." Tumbo lenyewe sina.

Mama wa maharage akasema, "Daktari kaniambia presha. Nimekuja nisife."

Watu wakacheka, naye akacheka nao.

Kwa kuwa nilisema tumbo, nikapewa mazoezi ya tumbo. Kulala kwenye mkeka, kuinua kichwa, kulala tena. Kwa wiki kadhaa niliyafanya kwa bidii huku goti likibaki vilevile. Siku moja wenzangu waliinuka wakaenda kwenye mashine, mimi nikashindwa kuinuka. Niligeuka ubavu huu, nikageuka ule. Yule mama akaja akanishika kwapa, akaninyanyua. Tulipofika chumba cha kubadilishia nguo ndipo akaniuliza.

"Mwenzangu, hilo goti lina nini?"

Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Labda kwa sababu hakuwa ndugu. Nilimweleza yote, choo, mama, chai ninayoikataa. Nilikuwa naangalia sakafu. Nilipoinua macho nilimkuta ananitazama kwa huruma.

"Na kocha umemwambia?"

"Nitamwambiaje mtoto yule?"

"Basi nitamwambia mimi."

Nilimshika kitenge kumzuia, akaniponyoka. Nilimsikia mle ukumbini, sauti yake ya sokoni: "Kocha! Huyu mwenzangu hana shida na tumbo. Anataka kuchuchumaa."

Nilitamani kutokea dirishani. Nikasubiri kicheko.

"Kuchuchumaa?" kocha akasema. "Mbona hiyo ni skwati! Wote hawa wanahangaika na hiyo hiyo."

Nikachungulia. Kweli, kijana mmoja mwenye mabega mapana alikuwa amebeba chuma shingoni, anashuka chini taratibu, anainuka, anahema. Alikuwa anafanya mbele ya vioo, mchana kweupe, jambo lililonifanya nimkimbie mama yangu. Nilianza kucheka mwenyewe.

Kocha hakuniuliza nataka kuchuchumaa kwa sababu gani, na hadi leo hajauliza. Alinitaka kwanza nirudi hospitali wapime goti. Mtaalamu wa mazoezi kule alilikunja na kulikunjua, akasema mfupa uko salama, goti limekakamaa na mimi nimejaa woga. Nikarudi na ruhusa.

Tulianza na masanduku ya mbao. Nakaa juu ya sanduku refu, nasimama. Nikilizoea, kocha analeta fupi zaidi. Goti lilikuwa na maumivu, sitasema hayakuwepo, lakini safari hii nilikuwa na mtu mbele yangu. Mama wa maharage alinishika mikono yote miwili, naye akishuka pamoja nami. "Shuka, mwenzangu. Nimekushika. Shuka." Kuna majuma nilirudi nyuma, nikarudia sanduku nililokwisha kuliacha. Asubuhi moja kocha alisukuma la mwisho pembeni kwa mguu. Nilishuka, nikafika chini, visigino vikagusa sakafu. Nikakaa pale nimechuchumaa, naangalia viatu vya watu, sitaki kuinuka.

"Inatosha, mama," kocha akasema. "Utachoka."

"Niache kidogo."

Jumamosi iliyofuata nilifunga duka, nikaenda Sigino na nguo za kulalia. Nilikunywa chai, nikala ugali, nikanywa maziwa, kisha nikaenda chooni kama mtu yeyote. Niliporudi mama alikuwa amesimama mlangoni, kakunja uso.

"Umekiona kile kiti nyuma ya banda?"

"Kiti gani, mama?"

Aliniongoza nyuma ya banda la kuku, akainua gunia. Palikuwa na kiti cha mbao, katikati ya kikalio kimekatwa tundu la duara, kingo zimepigwa msasa.

"Magoti yangu yalikufa zamani," alisema. "Fundi wa kanisani alinitengenezea. Ukija nakificha, usije ukaona mama amezeeka ukanihamishia mjini."

Nilikaa chini kwenye majani. Nikamweleza sababu ya kumkimbia mwaka mzima. Alinisikiliza mdomo wazi, kisha akajipiga paja.

"Yaani ungeniambia tu! Kiti kilikuwa hapa!"

"Na wewe ungeniambia!"

Tulicheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Mama akamjibu hakuna kitu, mwanangu amekuja kulala. Aliisema kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya pili, na baada ya jirani kuondoka aliirudia tena peke yake, polepole, akiwa anafuta macho na ncha ya khanga.

Jumapili, tulipotoka ibadani, nilikibeba kile kiti mwenyewe nikakiweka chooni, mahali pake. Nimemwambia hakiondoki tena, aje nani. Baadaye nilikishonea mto mwembamba wa plastiki ya kufutika, wenye maua mekundu. Mama anaulalamikia mpaka leo. Anasema maua mazuri namna ile yalifaa kuwekwa sebuleni wageni wayaone.