Bolti Iliyonuka Samli

Sijawahi kushangilia kutu, lakini Jumamosi ile nilikuwa mshabiki wake sugu. Tulikuwa tumemzika Baba wakati wa likizo, na lori lake kuukuu lilikuwa limesimama kando ya jikoni tangu hapo. Mama akapata mnunuzi wa Roret. Huyo akasema amelipenda, ila shokabzoba za nyuma zimekufa. Zibadilishwe kwanza, la sivyo haji. Nikajiambia: bolti zinazozishikilia zikikataa kutoka, lori linabaki.

Na matumaini yalikuwepo. Lori lile lilibeba majani chai ya Boito miaka yote, majani yaliyochumwa yakiwa na umande na kupakiwa yakichuruzika. Maji hayo yote yalishukia huko nyuma. Bolti zilikuwa nyekundu kama macho ya mlinzi wa shule yetu.

Fundi alikuwa rafiki ya Baba, mtu wa Kiptere mwenye tumbo lisilokubali kuingia chini ya gari. Kwa hivyo niliingia mimi.

"Kaza kwanza kidogo, halafu ufungue," akasema. "Kutu ukiivuta tu, inakushikilia."

"Kumbe kutu ni kama dadangu."

"Kijana, fanya kazi."

Tatu zikatoka, moja ikilia kama mbuzi. Ya nne, ya juu upande wa kushoto, ikagoma. Tukaimwagia dizeli. Tukachomeka paipu kwenye spana, fundi akaining'inia na tumbo lake lote. Wapi! Nikageuza uso asinione nikitabasamu.

Akawasha gesi ya kuchomelea. Moto ulipoishika ile bolti, harufu ikatoka, na haikuwa ya mafuta ya gari. Ilikuwa ya samli ikipata moto kwenye sufuria.

"Ni nani huyu alipaka bolti mafuta ya chapati?" Fundi alicheka hadi akaketi chini.

Nilimjua. Grisi ikiisha, Baba hakuwa mtu wa kutafuta duka wakati ana ng'ombe. Alikuwa ameiba samli ya Mama, na aliyechapwa kwa kuilamba ni mimi. Sasa ilikuwa imekauka humo ndani ikawa gundi.

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Hiyo ndiyo kazi yangu pale nyumbani. Hata siku ya mazishi niliwachekesha mabinamu nyuma ya hema. Nikafungua mdomo, kikatoka kilio ambacho sikujua ninacho.

Fundi akazima gesi. "Pole, kijana wangu. Tuiache?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Harufu ilikuwa imemfikia.

"Msiiache," akasema. "Kila asubuhi nikifungua huu mlango namwona kwa usukani. Mimi siwezi, mwanangu. Itoe."

Nikaweka spana nikavuta. Ikazunguka kwa ulaini wa kuudhi, kana kwamba haijawahi kusumbua mtu.

"Imetoka?"

Ningeweza kumdanganya. Kudanganya ni kipaji changu.

"Imetoka, Mama."

Akaenda kumpigia mnunuzi simu. Mimi nikabaki chini ya lori, nikamwambia fundi naangalia breki. Breki hazikuwa na shida yoyote, naye alijua.

"Angalia vizuri," akasema. "Hatuna haraka."